Kichwa cha Mkaguzi

Msusi hakwenda kwenye safari ile ya huduma kwa sababu ya wito. Wito walikuwa nao wenzake. Yeye alikuwa na hasira. Wiki iliyotangulia, binti yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemsuka tangu nywele zilipofikia kushikika, alikuja kumsalimia akiwa na mistari mipya kichwani iliyosukwa na mtu mwingine, mtaa wa pili tu kutoka saluni ya mama yake. "Mama, una wateja wengi," binti alijitetea. "Sikutaka kukusumbua." Msusi alimzunguka, akamkagua kisogo, akaona kazi ni safi, na hapo ndipo alipoumia zaidi. Jumapili, mama mchungaji aliposimama kanisani kutangaza kwamba timu inakwenda kuhudumia kituo cha watoto yatima na wanatafutwa watu wenye ufundi mikononi, msusi alinyoosha mkono kabla hajajua ameunyoosha.

Basi wakaenda, wote ndani ya fulana za kijani zilizoandikwa TUMETUMWA kifuani. Mama mchungaji alikuwa na ratiba na filimbi. Fundi rangi alikuwa na ndoo zake, kwani bwalo la watoto lilihitaji rangi. Vijana wa kwaya walikuwa na mpira na nyimbo. Msusi alikuwa na mkoba wa vitana, uzi, mafuta na chanuo lake kubwa la mti, na njiani aliwahakikishia wote, bila kuulizwa, kwamba mkono wake ni mwepesi. Hilo lilikuwa kweli. Watu walilala kwenye kiti chake, wengine mpaka wakakoroma.

Kituo kilikuwa nyumba ndefu ya vyumba vilivyopangana, yenye baraza mbele, kamba za nguo nyuma na geti la chuma lililolia kila likifunguliwa. Msusi aliweka stuli yake barazani, na kufikia jioni ya siku ya kwanza tayari alikuwa na foleni ya wasichana waliokuwa wakigombania nani alitangulia kufika. Alisuka, akatania, akapaka mafuta. Kila aliyemaliza alipewa kioo ajitazame, na kila aliyejitazama alitembea tofauti akiondoka.

Mmoja hakuja kwenye foleni. Alikuwa mtoto wa kama miaka sita, na kutwa nzima alizunguka kituo akiwa amefunga mikono nyuma, akichungulia ndoo za rangi, akihesabu viatu mlangoni, akisimama mbele ya mtu na kumtazama mpaka mtu ajishuku. Wakamwita Mkaguzi. Nywele zake zilikuwa zimefungamana nyuma kama sufi ya mto mkuukuu. Mbele tu ndiko zilikokuwa na dalili ya kitana.

"Huyo usijisumbue," mlezi alimwambia msusi. Mlezi huyo alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kukwaruza na mikono iliyochakaa kwa sabuni, na vyumba viwili vya wasichana wadogo vilikuwa chini yake. "Kichwa chake hakishikwi. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza ananiachia nimchane hapa mbele, tena Jumapili tu, tena nikiwa nimemkamata kwa maneno."

Kumwambia msusi kwamba kuna kichwa kisichoshikika ni sawa na kumtukana. Alianza kazi yake ya kuvua samaki wake huyo polepole. Siku ya pili alimpa Mkaguzi chanuo amshikie. Siku ya tatu alimwomba achague uzi wa kumsukia mwenzake, akamsifu kwamba ana jicho zuri la kuchagua. Alhamisi mchana, foleni ilipokwisha, Mkaguzi alikuja mwenyewe, akazunguka stuli, akakaa chini katikati ya magoti ya msusi, akampa kisogo bila neno.

Msusi aliloweka, akapaka mafuta, akaachanisha zile nywele fundo kwa fundo akianzia kwenye ncha. Mtoto hakulia. Alishusha pumzi ndefu kama mzee aliyevua viatu, akaegemea. Mistari ikaanza kutoka, myembamba, imenyooka, upande wa kulia. Na ilipofika katikati ya kichwa, msusi akafanya alichozoea kufanya.

Saluni kwake, mteja mgeni anayeonekana hatulii mahali pamoja, msusi humsuka nusu. Humwambia mikono imechoka, jua limezama, uzi umekwisha, hata kama si kweli. "Kesho njoo nikumalizie." Mtu mwenye nusu ya kichwa hana pa kwenda, lazima arudi, na akirudi mara ya pili ameshakuwa wa kwako. Ndivyo alivyojaza saluni. Sasa alitaka kesho mtoto huyu aje tena, na wenzake wote waone amekuja kwa hiari yake. Akamfunga kitambaa upande wa kushoto.

"Kesho nakumalizia," alimwambia.

"Kesho?" Mkaguzi aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza msusi kusikia sauti yake.

"Kesho asubuhi. Hapa hapa."

Ijumaa asubuhi, baada ya ibada, mama mchungaji alipuliza filimbi, akatangaza kwamba mambo yamebadilika. Walitarajia kuondoka Jumamosi jioni, lakini mwenye gari ameligawa kwa watu wengine wanaosafirisha msiba, na dereva anataka kuwasha saa saba mchana. Tutafungasha, tutaomba, tutapiga picha, tutaaga. Fundi rangi alilalamika kwamba ukuta mmoja bado haujapata mkono wa pili. Msusi aliona ana muda wa kutosha kumaliza kichwa kimoja, akachukua mkoba wake akatoka.

Mkaguzi alikuwa ameshakaa chini mlangoni pa chumba cha wageni, chanuo mkononi. Mlezi alisimama kando yake na ndoo ya maji yaliyokwisha kupoa.

"Yuko hapo tangu kabla ya kucha," mlezi alisema. "Hajaoga. Nimetaka kumshika hata kitambaa hicho, amenipigia kelele nyumba nzima ikaamka. Njoo huku kidogo, dada."

Wakasogea hadi kwenye kamba za nguo.

"Naenda kummalizia sasa hivi," msusi alisema. "Dakika chache tu."

"Halafu?"

"Halafu anapendeza."

"Halafu unapanda gari." Mlezi alianza kuanua mashuka yaliyokauka, akiyakunja kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Aliyemleta huyu hapa alimwambia anaenda dukani mara moja, atarudi. Mtoto alikaa pale getini kutwa, siku baada ya siku. Tulikuwa tunamlisha palepale. Nimehangaika naye mpaka akaingia ndani. Nimehangaika mpaka akanipa hapo mbele pa kuchana. Wewe umekuja Jumatatu na mkono wako mwepesi, leo hataki hata nimguse. Wivu ninao, sikufichi. Lakini ukimaliza kichwa kile wewe, kitakuwa chako, na wewe huishi hapa. Nani atakifumua? Nani atakisuka tena? Atakungoja wewe."

"Lakini nilimwahidi."

"Najua. Nilikusikia."

Msusi alihisi uso unamwaka. Alitaka kujibu kwamba yeye alikuja kwa wema, kwamba aliacha saluni wiki nzima, kwamba hakuna aliyemweleza habari za dukani. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililosaidia. Ule ujanja wa nusu ya kichwa ulikuwa wa kuwafunga wateja, naye alikuwa amemfunga mtoto. Aliona aibu, na chini ya ile aibu kulikuwa na uchungu wa kitoto kabisa: kichwa kile alikitaka. Alitaka kukimaliza yeye, kionekane, kisifiwe.

"Wewe unajua kusuka?" alimuuliza mlezi.

"Nasuka kama ninavyosuka. Si kama nyie."

"Twende."

Walimkuta Mkaguzi palepale. Msusi alichuchumaa mbele yake ili macho yao yalingane, na akaona maneno ya kanisani kwake yanamjia mdomoni yenyewe. Kanisani kwao hakuna anayeondoka bila kusema tutaonana tena hivi karibuni, Mungu akipenda. Walisema hivyo kwa wagonjwa, kwa majirani waliohama, kwa kila mtu kila Jumapili mlangoni. Akayazuia.

"Mimi naondoka leo," alisema. "Kesho sitakuwepo. Kesho kutwa pia sitakuwepo. Nilikwambia nitakumalizia, nikakudanganya, maana hata jana nilijua sikai hapa. Atakayekumalizia ni mama huyu, na mimi nitakuwepo mpaka mwisho."

Mkaguzi alimtazama kama alivyozoea kuwatazama watu. "Utarudi lini?"

"Sijui."

Mtoto aliinamisha kichwa. Kitambaa kikateleza, akakirudisha. Akamnyooshea kidole mlezi.

"Anavuta."

"Navuta, ni kweli," mlezi alisema. "Ukiumia sema, nitalegeza."

Mkaguzi hakusogea. Alilishikilia chanuo kifuani kwa mikono miwili, na msusi akaona hapa maneno yamekwisha. Akaketi sakafuni, akampa mtoto mgongo, akavua kilemba chake. Vijana wa kwaya waliokuwa wakipita na mabegi walisimama wakatazama, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kilichokuwa chini ya kile kilemba. Miaka yote ya kuwapamba watu, kichwa chake mwenyewe kilikuwa kichaka kinachotia aibu biashara. Mwenye kukishika hakuwa naye.

"Nisuke," alisema. "Na wewe usivute."

Kisha chanuo likaingia kwenye nywele zake, kwa hofu, likanasa, likatoka, likaingia tena. Mlezi hakungoja kuambiwa. Alivuta stuli nyuma ya Mkaguzi, akafungua kitambaa, akaanza. Wakakaa hivyo mlangoni, watu watatu kwa mstari mmoja: mlezi akimsuka mtoto, mtoto akimsuka msusi.

"Umevuta," Mkaguzi alisema.

"Samahani. Hivi je?" mlezi aliuliza.

"Hivi sawa."

Msusi alichungulia begani, akaona kule nyuma kazi inaharibika. Mstari ulianzia mahali pasipotakiwa, mwingine ukapinda, mlezi akafumua akarudia akapinda tena. Vidole vya msusi vilicheza mapajani vyenyewe. Mara mbili aligeuka kidogo ili aseme gawanya kuanzia sikioni, na mara mbili akageuza uso mbele. Kuzuia mikono yake kulimchosha kuliko kusuka vichwa vyote vya wiki ile.

Walipomaliza, Mkaguzi alikuwa na upande wa kulia uliochorwa kama kwa rula na upande wa kushoto uliokwenda kama mtu aliyetoka kunywa. Mama mchungaji alipowapanga watoto kwa ajili ya picha alimshika mabega kwa upole, akamgeuza ubavu. "Huku, mwanangu, huku ndiko kuzuri." Mkaguzi akageuka tena. Alikwenda akasimama karibu na mlezi, na picha ikapigwa hivyo hivyo, upande wa kushoto mbele ya kila mtu.

Wakati wa kuaga, timu nzima ilisema tutaonana, Mungu akipenda. Msusi alisema kwaheri. Geti likalia, gari likatoka, na alipotazama nyuma hakumwona mtoto getini. Alikuwa ameshaingia ndani. Msusi alilia kidogo, akiwa amegeukia dirishani, na fundi rangi aliyeketi pembeni yake akajifanya amesinzia.

Nyumbani alikaa na yale mafundo ya Mkaguzi siku kadhaa, hakuwa na moyo wa kuyafumua. Mwishowe alikwenda kwa binti yake, akaketi sakafuni mbele ya kochi, akavua kilemba. Binti alishtuka. "Nani amekufanya hivi?"

"Fundi mmoja. Nifumue, kisha unisuke wewe."

"Mama, mimi najua kusuka?"

"Utavuta, nitakwambia."

Mwaka uliofuata timu ilirudi, na msusi alikuwamo. Getini walipokewa na Mkaguzi, mikono nyuma, amerefuka, pengo mdomoni. Kichwa chake kizima kilikuwa na mistari ya mkono mmoja. Haikuwa mizuri, lakini ilijua inakokwenda. Alimtazama msusi kwa muda wake.

"Wewe ulisema unaondoka," alisema.

"Ndiyo."

"Ukaondoka."

"Ndiyo."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeona hesabu imekubali. Msusi aliufungua mkoba nusu, mikono ikimwasha. "Leo nikusuke?"

"Kichwa changu kina mwenyewe."

Hakulisema kwa ubaya. Msusi aliufunga mkoba. Ilimuuma, na akafurahi kwamba imemuuma kwa sababu mtoto ana mtu wake, na si kwa sababu nyingine. Mkaguzi aliendelea kumtazama juu, kwenye kilemba.

"Chako je?"

"Changu pia kina mwenyewe sasa," msusi alisema, akainama, akavua kilemba. Mkaguzi alimzunguka polepole akikagua kazi ya yule binti, mstari kwa mstari, hadi kisogoni.

"Huyu anavuta," alisema.

"Anavuta sana," msusi alimjibu.