Sekunde Kumi na Mbili kwa Kila Embe
Programu yangu ilikuwa inapiga embe picha na kusema kama limetobolewa na nzi wa matunda. Kwenye laptop yangu ilichukua sekunde tatu. Kwenye kompyuta ya ushirika wa Matiliku ilianza na tatu, kisha ikajikokota hadi kumi na mbili, na lori la mnunuzi halingoji. Mwenyekiti Muindi alishanionya kwamba isipokimbia kufikia Ijumaa, wanarudi kuchagua kwa mikono, na mimi nitafute kazi kwingine.

Basi nikaikabili kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine. Ni ya chanzo huria, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu: kila kitu kiko wazi, jisomee mwenyewe. Nilisoma hadi macho yakawasha. Niliiamuru iongeze kasi kwa kila njia inayoijua. Niliomba msaada mtandaoni, mtu akanijibu kwamba labda sijui kuandika programu. Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kikamba. Wiki tatu zilipokwisha, nilikuwa nimeokoa nusu sekunde.

Ijumaa asubuhi maembe kumi yalipita vizuri. La kumi na moja likaanza kuvuta miguu. Muindi akaangalia saa. Akina mama waliokuwa wakipanga kreti wakageuka kutazama, mama yangu Mwongeli akiwa mmoja wao, na mimi nilitaka kulia kwa hasira. Sabrin, mnunuzi kutoka Garissa, aliegemeza mkono juu ya kompyuta, akauondoa haraka.

“Hii mashine mbona mmeivalisha sweta na hii joto yote?”

Kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya waridi, kilikuwa kimeifunika mpaka matundu ya feni. Kwetu redio hufunikwa, televisheni hufunikwa, makochi hufunikwa. Macho yangu yalikipita kila siku. Mashine ilikuwa inapata joto na kujipunguza mwendo isiungue, na mimi nikawa natukana kompaila.

Nilikivuta kwa nguvu, kikakwama kwenye kona, uzi ukakatika. Baada ya dakika chache maembe yakawa yanapita, sekunde mbili na nusu kila moja. Muindi akaita watu wapakie lori.

Mama aliacha kreti yake, akakiokota kitambaa sakafuni. Yeye ndiye aliyekifuma, wiki niliyoleta programu, ili kila anayeingia ajue kompyuta ile ni kazi ya mtoto wake.

“Kumbe ndiyo ilikuwa inakuharibia,” alisema, akikikunja taratibu. “Na nilikuwa nimeanza kufuma ya laptop yako.”