Masaa Matatu, Siku Nne

Koplo Luciana alikuwa hajaketi tangu alfajiri. Miguu ilimuwaka, na upepo wa mwezi wa saba ulikuwa umemjaza vumbi hadi kwenye meno. Mbele yake waendesha bodaboda zaidi ya mia walikuwa wameziba barabara, pikipiki zikinguruma pale pale ziliposimama. Nyuma yake kulikuwa na geti la mashine ya kukamua alizeti ya Abdulmajidi. Katikati walisimama askari wanane, naye akiwa mmoja wao.

Jana yake, Abdulmajidi alikata kona na pikapu bila kutazama, akamgonga Ignas, kijana wa bodaboda anayetokea Ilongero. Mguu wa kijana ulivunjika mara mbili. Abdulmajidi mwenyewe alimbeba hadi hospitali, kisha akajipeleka kituoni. Luciana ndiye aliyeandika maelezo yake. Hata masaa matatu hayajatimia, wadhamini wawili wakafika na barua zao za utambulisho kutoka serikali ya mtaa, naye akatoka kwa dhamana. Hakuna aliyehongwa. Hilo Luciana angeweza kuliapia.

Mjini habari ilienda vingine. Ilisemwa Ignas amekufa. Ilisemwa yule Mwarabu mwenye mashine katolewa kwa mlango wa nyuma. Asubuhi hii mtu alikuwa ameandika kwa mkaa kwenye ukuta wa mashine, herufi kubwa zilizopinda: RUDINI KWENU.

"Kwetu wapi?" Bibi Hajira, mama yake Abdulmajidi, alikuwa amemuuliza Luciana alipofika. Alikuwa ameketi kwenye gunia la mashudu ndani ya geti, mtandio umemteleza kichwani. "Babu yangu alitoka Pangani na vitambaa vyake, sawa. Lakini mama yangu ni Mnyaturu wa hapo Ilongero, na mimi nimezaliwa mji huu huu. Hebu nionyeshe, mwanangu, kwetu ni wapi."

Luciana alimrudishia mtandio kichwani. Miaka kumi na tisa ndani ya magwanda, mara ngapi amesimama kati ya watu wanaotupiana neno hilo? Wafugaji na wakulima, wageni na wenyeji, wa dini hii na wa ile. Yeye mwenyewe Mnyiramba wa Kinampanda, aliwahi kuambiwa kwenye soko la hapa hapa kwamba arudi kwao. Hakukasirika tena. Alichoka tu.

Mkaguzi Leonidas, mkubwa wao, alitazama saa yake. "Nawapa dakika kumi. Wasipotawanyika, tunapiga mabomu ya machozi."

"Afande, upepo unatuelekea sisi," Luciana alisema. "Na kuna bibi kizee humo ndani. Niruhusu niongee nao."

Leonidas alimtazama, akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. Luciana akasogea mbele, kofia kaishika mkononi.

Alphonce, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, alizima pikipiki. Wengine nao wakazima, mmoja mmoja, hadi ikabaki sauti ya upepo.

"Ignas yuko hai," Luciana alisema. "Asubuhi nilikuwa naye wodini."

"Maneno ya polisi hayo!" mtu akapiga kelele.

"Basi mpigieni."

Alphonce akatoa simu, akabonyeza spika, akaiinua juu. Iliita muda mrefu. Kisha ikasikika sauti ya Ignas, nzito kwa dawa: "Niko hai jamani. Mguu ndiyo basi tena. Nani kawaambia nimekufa?"

Wako waliocheka kwa aibu. Luciana alidhani yameisha. Lakini Alphonce alirudisha simu mfukoni, akamsogelea.

"Afande, tumesikia. Sasa nijibu moja tu. Mwezi uliopita Samweli wetu alimgonga mpita njia, akakaa ndani siku nne. Huyu kakaa masaa matatu. Sheria ni mbili?"

Luciana alihisi macho ya Leonidas mgongoni. Jibu la kazini alilijua: Samweli hakuwa na wadhamini wenye barua. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Lakini kweli haikuishia hapo. Wazazi wa Samweli walitoka Mkalama, mwenyekiti wa kijiji chao alikuwa msibani, na simu moja tu kutoka kituoni kwenda kwa mwenyekiti huyo ingetosha badala ya barua. Yeye ndiye aliyekuwa zamu siku ile. Alikuwa amechoka, akasema atapiga kesho.

"Sheria ni moja," alisema. "Ila Samweli hakutendewa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Ilikuwa nipige simu kijijini kwao, sikupiga. Namwomba radhi."

Askari mmoja alikohoa.

Geti likalia. Bibi Hajira alikuwa ametoka, anatembea polepole kwenye vumbi. Aliwaamkua kwa Kinyaturu, akaanza kuwauliza mmoja mmoja ni mtoto wa nani. "Shikamoo, bibi," wakaitikia wa mbele, kabla hawajakumbuka kwamba wana hasira. Hakuwahubiria. Aliuliza tu kama kuna anayekwenda wodini, maana ana uji wa mgonjwa.

Jiwe lilitoka nyuma kabisa, likapasua kioo cha pikapu ya Abdulmajidi iliyoegeshwa kando ya geti. La pili likampata bibi begani. Hakupiga kelele, alikaa chini tu, kama mtu aliyeishiwa nguvu za kutembea.

Alphonce ndiye aliyemfikia wa kwanza. Aliwageukia wenzake akitukana kwa lugha tatu, na umati ukaanza kumong'onyoka, pikipiki mbili, kisha tano, kisha zote. Bomu halikupigwa hata moja. Aliyetupa jiwe hakujulikana.

Bega la bibi lilivimba tu. Lakini daktari alipomaliza kumtibu, bibi alimwambia Luciana, "Wamenipa shikamoo, mwanangu, halafu wakanipiga. Sijui niamini lipi." Abdulmajidi alisugua ukuta kwa sabuni siku mbili. Mwaka ule ule alikiri kosa lake mahakamani, akahukumiwa. Ignas akarudi Ilongero kwa magongo.

Jioni ya siku ile ya jiwe, kituoni, Leonidas hakupaza sauti. "Umetuvua nguo mbele ya watu," alisema, akamsogezea karatasi ya kuandika maelezo. Luciana aliandika yote aliyoyasema pale barabarani, hakupunguza neno. Leonidas alisoma, akavua miwani. "Ungeweza kunyamaza tu."

"Najua, afande."

Baada ya wiki mbili ilifika barua ya uhamisho wa kwenda Mitundu, kituo cha mbali porini. Luciana alingoja uchungu umjie, haukuja, wala furaha. Aliikunja barua, akamuuliza karani basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi, akaenda nyumbani kulala.