Gitaa Lililokabwa Koo

"Gitaa likishapita mikononi mwangu mara moja, dada, silisahau. Lipake rangi ya mlango ukitaka. Nitalijua kwa kulinusa tu."

Hayo aliyasema Profesa ndani ya gari la dada yake, vioo vyote vikiwa wazi ili mtaa nao ufaidike. Uprofesa alijitunuku mwenyewe. Fani yake ilikuwa magitaa ya umeme ya zamani, na katika hayo kulikuwa na aina moja iliyomkosesha usingizi: yale ya tumbo nusu. Hayo mbavuni ni matupu kama gitaa la kawaida, lakini katikati yamepitishiwa gogo kutoka shingoni hadi mkiani, na usoni yana matundu mawili marefu yaliyojipinda kama nyoka anayeota jua. Ya aina aliyoitaka yeye yalitengenezwa machache. Kwa miaka kumi na moja aliyasaka kwenye stoo, kwenye kumbi za dansi zilizofungwa, na chini ya vitanda vya watu wasiomjua. Mpaka siku hiyo alichoambulia kilikuwa mafua ya vumbi.

"Na pua hiyo hiyo yenye mafua ndiyo itanusa," dada yake alisema, akikata kona.

Dada alimzidi miaka miwili na, kwa maelezo yake mwenyewe, akili zote.

Mwenye gitaa alikuwa mjane, fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilijaa vipande vya vitambaa mpaka huoni sakafu, na juu ya meza ya kukatia, kwenye blanketi lililokunjwa, ndipo gitaa lilipolazwa. Rangi ya asali, matundu mawili, gogo katikati. Profesa alisahau hata kusalimia. Dada akamkanyaga mguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usilishike kwanza." Mama Fundi alivuta kiti, akakaa kati ya Profesa na meza. "Wamekuja wanne kabla yako. Kila mmoja ananieleza limetengenezwa mwaka gani. Mimi mwaka haunisaidii. Namtafuta mtu ambaye akiliona linaumwa, na yeye anaumwa."

"Kwani linaumwa nini?"

"Marehemu alilinunua mlangoni pa ukumbi wa dansi, miaka ishirini na mitatu sasa, kwa kijana mmoja mwembamba, mdomo kama redio. Kijana akamwapia ni zima. Kumbe amelipaka rangi nyeusi ya mlango na tumboni amelishindilia takataka. Ukilipiga halilii, linakohoa. Mume wangu alipostaafu akakaa wiki tatu analikwangua ile rangi. Tumbo akasema atalisafisha Jumamosi. Jumamosi yenyewe hakuiona."

Profesa aliinama, akachungulia tunduni. Sponji. Alilijua kosa hilo: gitaa la tumbo nusu likisogezwa karibu na spika hupiga mbinja, na vijana wa bendi wasio na subira huliziba tumbo ili linyamaze. Linanyamaza kweli, na utamu wake wote unakwenda nao.

"Mama, huyo hakuwa mpigaji," alisema, na machozi yalimlenga kweli. "Huyo alikuwa mchinjaji."

"Wewe ungemfanya nini?"

Hapo Profesa alijua ndipo mtihani ulipo. Miaka kumi na moja yote ilikuwa imening'inia kwenye jibu moja. Akaona pembeni kigoda wanachopanda wateja wakipimwa pindo, akakinyooshea kidole.

"Ningemkalisha pale, nimpakatishe gitaa, aliombe radhi. Tundu hili kwanza, halafu na lile. Na mwenye nyumba akisema bado, anarudia."

Mama Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya. Lifungue koo. Likilia, utaondoka nalo."

Profesa alikunja waya wa kutundikia nguo akapata ndoana, akaanza kuvua. Sponji ilitoka vipande vipande, imemong'onyoka kama mkate wa juzi. Huku anavua, anamtukana mwenye kosa kwa adabu: kipofu wa masikio, fundi wa kubomoa. Kisha ndoana ikanasa kitu kizito. Akavuta polepole, kikatoka kitambaa cha zambarau, foronya nzima, na juu yake ndege aliyedariziwa kwa uzi mwekundu.

Mama Fundi alivaa miwani. "Mshonaji alikuwa mwanafunzi huyu. Ona, ndege ana miguu mitatu."

"Wa tatu ni kijiti," Dada alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Kijiti alichotua. Na mwalimu nilimwambia hivyo hivyo." Aliichukua foronya, akaigeuza upande wa ndani, akalikuta fundo lake mwenyewe. Mto huo ulitoweka nyumbani usiku wa kuamkia maonyesho ya shule, naye akaenda mikono mitupu. Aliyemsaidia kuutafuta, akapanda mpaka darini na kumlaani mwizi kwa sauti kuliko wote, alikuwa mdogo wake.

Ndoana ya Profesa ilisimama hewani. Kwenye kona ya ndani ya tundu, pale kikwangulio kisipofika, palibaki ukoko wa rangi nyeusi. Aliukumbuka hata mkebe wake.

"Mito ya zamani," alisema, "ilikuwa inafanana sana."

Mama Fundi alimtazama ndege, akamtazama Dada, kisha akalipima tumbo la Profesa kwa jicho la fundi, kama anayepunguza nguo.

"Zamani alikuwa mwembamba?"

"Kama sindano," Dada alisema.

"Na mdomo?"

"Huo haujapungua hata inchi."

Dada akakisukuma kigoda kwa mguu, taratibu, kikakwaruza sakafu mpaka kikagusa goti la mdogo wake. Mama Fundi alilinyanyua gitaa mwenyewe kutoka kwenye blanketi, akampa.

"Anza na tundu hili," alisema, akirudi kukaa. "Na mwenye nyumba ni mimi."