Jina Alilokataa Kulitaja Mama

Povu lilipogeuka jekundu, nilifunga mfereji. Mama alikuwa amelaza shingo kwenye sinki la saluni yangu, Kenyatta Market. Nyuma ya sikio palikuwa na jeraha bichi, na kando yake kovu la zamani.

"Nilianguka bafuni," akasema, kabla sijamwuliza.

Bafu gani hilo linalomwangusha kila anapolowesha shuka? Kaka yangu Kitavi, mzee wa kanisa, ndiye aliyemtoa Machakos akamweka kwenye fleti yake Hurlingham, na watu wakamsifu kwa kutunza mzazi. Kikulacho ki nguoni mwako, na Mama alikuwa akikifulia na kukipigia pasi. Majirani walisikia kila kitu, wakaongeza sauti ya televisheni. Nilipomwuliza mmoja wao, alinijibu, "Hizo ni mambo za familia, Annah. Usiniingize." Nilitamani kumzaba kofi.

Siku hiyo nilimpeleka Mama polisi, nywele bado zikichuruzika maji. Afisa, mwanamke wa makamo, alimwinamia.

"Shosho, nani amekupiga?"

Mama alijifuta maji shingoni, akatazama mlango. Kwetu Ukambani, mama akimlalamikia mwanawe kwa uchungu, maneno hayo ni kiumo: laana inayomwandama mtoto hadi kaburini. Mama aliuogopa mdomo wake mwenyewe kuliko ngumi za Kitavi.

"Mum, sema!" Nilimkasirikia hata yeye. "Anakuumiza halafu unamficha?"

"Ni mtoto wangu. Nikisema, nimemmaliza."

"Basi nitasema mimi. Mimi sikumzaa."

Ni mwaka wa pili sasa. Mama anaishi kwangu, anakula vizuri, kichwa kimepona, na bado haitikii salamu yangu ya asubuhi. Sijutii. Aliyenikasirisha zaidi ni mchungaji wa kanisa la Kitavi, aliyekuja kuniambia nimeivua nguo familia, kana kwamba ni mimi niliyempasua Mama kichwa.

Pale kituoni niligeuka nikamkabili afisa. "Kitavi Nthiwa," nikasema. "Mwanawe wa kwanza."

Mama akaziba masikio. Kisha akaanza kumbariki Kitavi kwa Kikamba, kwa sauti ya juu, upesi upesi, ili neno langu lisimfikie: apate watoto, apate mvua, asiguswe na ubaya. Afisa aliweka kalamu chini, akangoja amalize.

Mimi sikungoja. Nililirudia jina, nikipiga kelele.