Bunduki Mapajani mwa Mzee Philémon

Sergenti Mujinga alipoambiwa kwamba ataanza kulinda ndege ya abiria, alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Alizaliwa Kabongo, akafika Kamina juu ya lori la mahindi, na safari zake zote za jeshi alizifanya kwa treni au kwa miguu. Hakumwambia komanda hayo. Alipiga saluti, akasema ndiyo, akaenda nyumbani kumpasha mumewe habari. Mume alicheka mpaka bukari, ugali wao wa jioni, ikapoa sahanini.

Kazi yenyewe ilizaliwa na vurugu. Kampuni moja ndogo ilikuwa ikibeba watu kati ya Kamina na Lubumbashi kwa ndege ya viti vichache. Siku moja rubani alikataa kupakia magunia ya samaki wakavu waliotoka Mulongo, kwa sababu ndege ilikwisha kulemewa. Mwenye magunia akamkwida, wengine wakaingilia, mlango ukagombaniwa kama wa kanisa siku ya harusi, na rubani akaondoka na shati lisilo na mfuko. Akaapa kwamba harudi Kamina bila ulinzi. Kampuni ikaenda kuomba kambini, na Komanda Mputu akatoa askari mmoja, akae ndani ya ndege na bunduki yake, kwenda na kurudi.

"Kazi iko rahisi," komanda alimwambia Mujinga. "Muntu akiona bunduki, atatulia. Weye utaikala tu ku kiti."

Na pale uwanjani bunduki ilifanya kazi kweli. Asubuhi ya safari ya kwanza abiria walipanga mstari ulionyooka, hata waliozoea kupitia pembeni. Sylvie, mke wa koplo mmoja wa kambini, ambaye alikuwa akienda Lubumbashi kununua vitenge vya kuuza, alifurahi waziwazi.

"Njo vile tulikuwa tunataka," alisema. "Leo hakuna muntu wa kunisukuma."

Ndani ya ndege mambo yalibadilika. Mujinga alipewa kiti karibu na mlango, na jirani yake alikuwa mzee aliyevaa suti iliyopigwa pasi vizuri. Jina lake Philémon. Alikuwa direkta, yaani mkuu, wa shule ya Wametodisti miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa alikuwa anakwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa kwa binti yake Béthanie. Alikaa, akafunga mkanda, kisha akaitazama bunduki iliyosimama katikati ya magoti ya Mujinga.

"Mama," alisema kwa adabu, "hii kitu itasafiri na siye?"

"Ndiyo, Baba. Njo kazi yangu."

"Iko na risasi?"

"Iko nayo, lakini nimeifunga."

"Basi unielezee. Muntu mubaya akisimama pale mbele, weye unapiga. Risasi itamupita, itaenda wapi? Kwa rubani? Ku mafuta?"

 Tangu apewe kazi Mujinga alikuwa akijiuliza swali hilohilo, na hakumpata wa kumwuliza.

"Komanda anasema haitafika pa kupiga," alijibu. "Kuonyesha tu kunatosha."

"Na muntu akijua kama hautapiga?"

Sylvie aliwasikia, akainama mbele kutoka kiti cha nyuma. "Baba Direkta, muache mama atumike. Minyi nikiona askari, nalala muzuri. Askari angekuwa pale siku ile, bale bantu hawangepasua shati ya rubani."

"Ile ilikuwa chini, mwanangu," alisema mzee. "Sasa tunaenda juu."

Ndege ikaondoka. Mujinga aliishika bunduki kwa mikono miwili. Aliyemwona angedhani ni ukakamavu wa kijeshi, kumbe alitaka tu kitu cha kushikilia. Philémon alisinzia. Sylvie akaanza kula karanga. Kwa muda mambo yakawa shwari, na Mujinga akaanza kufikiri kwamba huenda komanda alisema kweli.

Kisha wakaingia kwenye mawingu ya mvua. Ndege ilitikiswa kushoto, ikatikiswa kulia, ikashuka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba. Watu wakaanza kusali kila mmoja kwa lugha ya mama yake. Hapo ndipo alipoinuka Kasongo, mkulima wa mihogo kutoka Kabondo-Dianda, mwanamume mnene, mrefu hata shingo yake ilipinda chini ya paa la ndege. Alijifungua mkanda na kuja taratibu kuelekea mlangoni, kwa uso wa mtu aliyefika kituo chake.

"Nashuka," alisema kwa sauti ya upole. "Mumwambie shofere asimame. Nashuka hapa."

Mujinga akasimama mbele ya mlango na bunduki, kama alivyofundishwa. "Baba, rudia ku kiti."

Kasongo akaitazama bunduki kama mtu anavyotazama ufagio. Mtu anayeamini kwamba ndege inaanguka, risasi itamtisha kwa lipi? Mujinga aliliona hilo machoni mwake. Akajaribu kumzuia kwa ubavu wa bunduki, lakini mkanda wa kuibebea ukanasa kwenye mkono wa kiti. Ndege ikayumba, mdomo wa bunduki ukageukia abiria, na watu wote wakajiinamia pamoja. Philémon alijifunika kichwa kwa mikono. Kwa kitambo kile hakuna aliyekumbuka mvua. Walikuwa wanamwogopa Mujinga.

Mkono wa Kasongo ulikwisha kufika kwenye kitasa.

Mujinga hakufikiri sana. Aliukata mkanda ule kwa kuuvuta, akachomoa risasi zote na kifuko chake, akazitia mfukoni, akahakikisha bunduki ni tupu, kisha akailaza mapajani mwa mzee.

"Baba, unishikie."

Akamkumbatia Kasongo kiunoni kwa mikono yote miwili na kukita viatu vyake chini. Jitu lile likamburuta kidogo. Mujinga akaweka mdomo karibu na sikio lake.

"Baba, minyi pia naogopa. Njo safari yangu ya kwanza. Ukitoka, utanitosha inje na minyi."

Kasongo akatulia. "Weye pia?"

"Minyi pia. Sikia mikono yangu venye inatetemeka."

Akaisikiliza mikono ile kiunoni mwake, na ilikuwa inatetemeka kweli. Akaachia kitasa.

"Sasa nani anatulinda?" aliuliza.

"Tuikale kwanza. Tutatafuta jibu tukifika chini."

Wakaketi sakafuni, katikati ya viti, wameshikana kama watoto wa tumbo moja. Sylvie akalegeza kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamfunga Kasongo kiunoni na kumkaza kwenye mguu wa kiti, asije akamkumbuka tena shofere. Akampa na karanga. Kasongo alitafuna akilia kidogo, akaanza kuwasimulia habari za shamba lake, na hakunyamaza mpaka magurudumu yakagusa Lubumbashi.

Abiria walipokwisha kushuka, Philémon alikuwa bado kitini. Bunduki ilikuwa mapajani mwake na mikono yake ilikuwa juu hewani, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe akalala, naye hajui amwamshe au asimwamshe.

"Mama," alinong'ona, "njoo uitoshe. Mguu umekufa ganzi."

Habari zilifika kambini kabla ya Mujinga. Rubani alimsifu, lakini Komanda Mputu alisikia neno moja tu: silaha ya Leta, yaani ya serikali, ilikabidhiwa raia. Akamsimamisha kazi, akamkataza kutoka kambini, na mume wa Mujinga safari hii hakucheka. Mujinga mwenyewe hakuwa akila vizuri. Alijua kosa lake kwa jina la kijeshi, ila kila alipolifikiria, hakuona alichoweza kufanya zaidi.

Philémon aliporudi kutoka kwa binti yake, Sylvie alimweleza habari hiyo palepale uwanjani. Mzee hakupita nyumbani. Alikwenda kambini na suti yake na sanduku lake, na Sylvie akamfuata bila kualikwa. Komanda akawapokea, Mujinga akaitwa, akasimama wima pembeni.

"Komanda," alianza Philémon, "raia mwenye alipewa silaha njo minyi. Sikuiomba, na sitaki kuiona tena. Lakini ilikuwa haina risasi. Huyu mama angebakia nayo mukononi, minyi leo nisingeona mujukuu wangu."

"Kwa hiyo unataka nitoshe askari mu ndege?"

"Hapana. Askari abakie. Ni bunduki njo haikuwa na kazi kule juu. Yule baba hakuiogopa, ni siye tulioiogopa."

"Minyi sikubali," Sylvie alidakia. "Pa mustari ilitumika muzuri sana. Mukiitosha, bataanza tena kunipanda mugongoni."

"Pa mustari ndiyo," alisema mzee. "Sijakataa mustari."

Komanda alimgeukia Mujinga. "Na weye? Ungerudia tena vile ulifanya?"

Mujinga aliona kwamba uongo ungemsaidia. "Eyo vidye," alijibu kwa Kiluba, yaani ndiyo bwana, kwa heshima zote. "Ningerudia."

 Komanda akaanza kutabasamu, akijaribu kuficha. Kosa ni kosa, alisema, kwa hiyo sergenti atalima uwanja wa gwaride mpaka nyasi ziishe. Akimaliza, atarudi kwenye ndege. Askari mwenye bunduki atasimama chini, kwenye mstari, na yeye atapanda mikono mitupu.

"Na hakuna muntu atafunga muntu na kitenge," aliongeza, akimtazama Sylvie. "Nitaomba kampuni ilete mukanda ya kweli."

Nyasi za uwanja wa gwaride zilikuwa nyingi, na askari wenzake walipita wakimwuliza kama ndege imetua pale. Mujinga aliwacheka na kuendelea kulima. Safari yake iliyofuata, mwanamke mmoja aliyekaa kiti cha pembeni yake alimkagua toka kofia mpaka viatu.

"Banasema weye njo mulinzi wetu. Bunduki iko wapi?"

"Imebakia chini, mama. Haina tikiti."

Yule mama hakuridhika sana. Alifunga mkanda wake, akaukaza, akatazama tena kama haijafichwa chini ya kiti. Ndege ilipopanda, mawingu yalikuwa mbali na anga lilikuwa safi. Mujinga, ambaye mara ya kwanza hakuthubutu hata kugeuza shingo, aliegemea dirisha. Chini, upande wa maziwa ya Upemba, maji yalikuwa yamemwagika kila mahali yakimetameta, na juu yake alidhani anaona kitu kidogo cheusi, labda mtumbwi. Akamgusa jirani yake bega ili naye aone.