Ngoro za Mbuji Zafika Makerere

Likizo ya Pasaka mwaka 1956, Celestina alirudi kijijini kwao Mbuji kutoka Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na rafiki yake Nalwoga, Mganda, binti wa mkulima wa migomba, aliyekuwa akisomea kilimo. Kesho yake mama wa Celestina, Tadea, akawapeleka shambani mlimani, penye ngoro, yale mashimo ya mraba yaliyojaa mteremko mzima.

"Mama, mbona mvua haichukui udongo?" Nalwoga aliuliza.

Tadea alichimba ngoro tangu utotoni, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Akamwonyesha jinsi majani yanavyopangwa miraba na kufukiwa kwa udongo wa katikati, ili maharage yaote juu ya matuta na maji yatulie shimoni. Nalwoga akashika jembe. Tuta lake la kwanza likabomoka, la pili pia. La tatu likasimama.

"Nani alianzisha?"

"Sijui, mwanangu. Nilimkuta bibi yangu akichimba."

Jibu hilo halikumridhisha Tadea mwenyewe. Jioni alikwenda kumwuliza shangazi yake mzee, naye hakujua.

Mwezi Juni katekista wa kijiji akamsomea Tadea barua kutoka kwa Celestina. Ilisema kwamba siku ya wanafunzi wa Makerere kuonyesha mambo ya kwao, Celestina na Nalwoga walichimba ngoro nne nyuma ya bweni. Wanafunzi wa Kenya, Unguja na Nyasaland wakazizunguka, wakauliza maswali mpaka jua likazama.

Tadea akatabasamu. "Tuandike jibu," alimwambia katekista. "Mwulize Nalwoga, kwao migomba inashikaje udongo?"