Nafasi Niliyomwachia Ojok

Sakafu ya bodi ilikuwa imelowa. Nilikuwa nimepanda nyuma ya lori miguu mitupu, viatu nimeviacha chini kama nilivyofundishwa, na maji ya baridi yakanipenya katikati ya vidole. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshawaka. Nikasimama pale pale. Kule mbele kebini ilikuwa na vumbi la wiki nzima, kioo kimechafuka kiasi kwamba mtu angeweza kuandika jina lake kwa kidole. Kumbe kuna aliyeosha ndani ya bodi, akasugua hata nyufa za mbao, lakini uso wa gari hakuugusa.

Asiyekuwa dereva asingeona ajabu yoyote. Lakini mimi na rafiki yangu Ojok tulifundishwa kazi na Mzee Hamdun, kwenye lori la kinu cha kahawa, na Mzee Hamdun alikuwa mkali kuliko askari wa trafiki. Kahawa haitaki maji. Bodi yake hufagiliwa kwa ufagio mkavu, basi. Siku moja Ojok alimwaga ndoo nzima kwenye mbao, akidhani anafanya usafi, na Mzee akamchapa mgongoni kwa kitambaa cha kufutia mafuta hadi wapagazi wakalia kwa kicheko. Maji ya dereva ni ya kebini, Mzee alisema, ili apendeze akiingia mjini.

Na hili Fiat jipya, niliambiwa, halibebi kitu ila kahawa, Kampala hadi Mombasa.

Nasema niliona maji tu. Sikuona kitu kingine, na sitatia chumvi. Lakini ule ulikuwa mwaka wa 1976, watu walikuwa wakichukuliwa mchana kweupe mbele ya maduka na kutiwa ndani ya buti za magari, na wote waliobaki mjini walikuwa wamejifunza kujua mambo bila kuambiwa. Nikajua palepale, juu ya zile mbao, ni mzigo gani ulioacha kitu cha kuoshwa kwa maji.

"Wewe natafuta nini huko juu?" Abudu, msimamizi wa yadi, aliniita kutoka chini. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyekuwa jeshini kabla ya mkubwa wake kupewa ile kampuni. Yadi ilikuwa kando ya barabara ya Luzira, na kabla ya mwaka wa 1972 ilikuwa mali ya Mhindi mmoja. "Hapa mzigo nakuja tayari, turubai imefungwa. Dereva hafungui. Kazi yako ni sitaringi tu."

"Nakagua, afande."

"Kagua tairi. Tairi ndiyo yako." Akacheka. "Wewe mutu ya Islam, Kiswahili yako safi. Mukubwa napenda watu kama wewe. Jumatatu unaanza."

Nilivaa viatu vyangu juu ya miguu iliyolowa, nikamshukuru.

Watu wa leo wataniuliza kwa nini nilikwenda kuomba kazi pale kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, leseni ya malori haijatimiza mwaka. Kampuni ile ilikuwa na magari mapya wakati kampuni nyingine zinatembelea vipuri vya kuokoteza. Ililipa vizuri. Juu ya yote ilimpa dereva kadi yenye picha na mhuri, na ukiionyesha kwenye kizuizi cha barabarani, askari anashusha bunduki na kukupungia mkono upite. Siku zile kadi hiyo ilikuwa kama shati la pili. Kila dereva mpya aliiota.

Upande wa pili alikuwepo Mama Hortense. Huyu alikuwa Mkongo wa Butembo, mjane, mwenye malori mawili ya Leyland yaliyochoka, na yadi yake ilikuwa chini ya kilima cha Kibuli, si mbali na kwetu. Alibeba chumvi, maharagwe na samaki wakavu hadi Kasese. Nilipokwenda kwake aliniambia nilale chini ya gari nimtajie kila kinachovuja. Nilitaja vitu sita.

"Ni saba," alisema. "Lakini unaona muzuri. Miye siko na mushahara ya kukufurahisha, mutoto wangu. Camion zangu hizi mbili ni zazee kama miye. Ila mizigo utapakia we mwenyewe, turubai utafunga we mwenyewe, na hakuna kitu utabeba bila kujua jina yake."

Siku ile nilimwona mshamba. Nilimjibu nitafikiri, nikaondoka nikijichekea. Baada ya ile sakafu nilirudi kwake karibu nikimbie, na akanipokea bila kuuliza neno.

Kesho yake nikaenda barabara ya Luzira kumwambia Abudu kwamba mama yangu ni mgonjwa, safari ndefu siziwezi. Uongo mtupu, mama alikuwa mzima, asubuhi ile ile amenigombeza kwa kuacha kitanda bila kukitandika. Abudu alinisikiliza hadi mwisho. Uchangamfu ulikuwa umemtoka.

"Jina yako iko kwenye karatasi. Mukubwa ameshaona. Sasa yeye nauliza, huyu kijana ameona nini kwetu hata anakataa?" Alinitazama viatu, kisha akanitazama usoni. "Hakuna kuacha nafasi wazi. Leta mutu mwingine. Ukileta mutu, maneno imekwisha."

Hapo ndipo palipo na hadithi yangu, na laiti ningeweza kuiruka.

Ojok nilimkuta soko la Nakasero, akishusha mikungu ya matoke kwa ujira wa siku. Leseni yake na yangu zilitoka siku moja, na yeye alikuwa dereva bora kuliko mimi, Mzee Hamdun alilisema hilo waziwazi. Lakini miezi saba alikuwa akibisha milango. Wakisikia jina lake tu, jina la kaskazini, la watu ambao serikali iliwashuku, wanakumbuka kwamba nafasi zimejaa. Mkewe Joska alikuwa na mimba kubwa, wakiishi chumba kimoja kwa kaka yake Joska, nyumba za reli pale Nsambya.

Nilimwambia kuna nafasi kwenye kampuni ya barabara ya Luzira. Nimepewa mimi, lakini namwachia yeye.

Aliutua mkungu chini. Shingo yake ilikuwa imejaa utomvu wa ndizi.

"Taju, ile kazi kila mutu nataka. Mbona wewe nakataa?"

"Nataka kulala nyumbani. Mama Hortense safari zake fupi."

"Kule iko nini? Sema ukweli."

"Hakuna kitu," nilisema. "Na watakupa kadi."

Nilijua neno hilo litafanya kazi. Kwa mtu mwenye jina lake, kadi ile ilikuwa uhai. Nilijiambia hivyo pia, kwamba namsaidia, kwamba sasa atapita vizuizi kama mtu mwingine yeyote, na labda ile sakafu ilioshwa kwa sababu nyingine. Mtu akiogopa hakosi la kujiambia. Ojok alinikumbatia katikati ya soko, akanichafua shati lote, na wauza nyanya wakatucheka.

Abudu alimpokea vizuri. Alimuuliza kama ana ndugu wenye vyeo hapa mjini, Ojok akasema hana, Abudu akasema hiyo si neno.

Mwaka huo niliendesha Leyland. Niliona kila gunia linapopanda na kila linaposhuka, nikatandaza turubai na kuvuta kamba hadi viganja vikaota sugu, na Mama Hortense akanisema kila siku kwa kukanyaga breki kwa pupa. Ilikuwa kazi safi. Nilikuwa nikiifurahia, na katikati ya furaha namkumbuka Ojok.

Alikuja kuniona yadini mara mbili tatu. Mtoto alizaliwa hospitali ya Nsambya, wa kiume, na alinieleza alivyo mzito. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amepungua. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akanywa chai, akayacheka malori yetu, akauliza kama yanakwenda kwa petroli au kwa dua. Ya kazini kwake hakuniambia kitu, nami sikumuuliza. Mara ya mwisho, wakati anaondoka, alinishika bega akasema nimefanya vizuri kukaa hapa. Nilidhani ananisifu tu.

Mwanzoni mwa 1977 watu wenye majina kama lake walianza kutafutwa mtaa kwa mtaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa yadi, mchana, ndipo niliposikia Fiat lake likija; sauti ya injini ile niliijua. Nikainua mkono. Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa mtu mwingine. Ojok hakuonekana tena.

Sikwenda Nsambya. Nilisema ni hatari kuonekana, na ilikuwa hatari kweli, lakini hatari haikuwa sababu. Nilingoja hadi vita vikaisha, hadi 1979, na utawala wa kijeshi umeanguka na watu wanatembea wakiongea kwa sauti, ndipo nikanunua sukari kilo mbili na kupanda kilima cha Nsambya.

Joska alikuwa bado kwenye kile chumba. Alinijua mara moja. Alinitolea kigoda nje ya mlango, akakaa mbele yangu kwenye mkeka, na kwa muda tulisalimiana tu, habari za nyumbani, habari za mama yangu, habari za Mama Hortense ambaye alikuwa amerudi Butembo.

"Joska," nilisema, "mimi ndiye nilimpeleka pale."

"Najua. Yeye nasema kila siku, Taju aliniachia kazi yake." Alivuta uzi kwenye ukingo wa mkeka. "Siku ya kwanza alirudi hapa, hakula. Aliona gari yao inaoshwa ndani. Aliniambia ile si kahawa."

Niliuweka mfuko wa sukari chini.

"Mimi nikamwambia acha. Yeye nasema, nikiacha watauliza nani alinileta. Watakwenda kumchukua Taju. Akanikataza nisikwambie. Alisema wewe hukujua, na ukijua utajilaumu bure."

Ndani ya chumba mtoto alikohoa usingizini, akatulia. Ningeweza kuaga tu, nikaacha sukari yangu, nikaondoka nikiwa yule Taju wa Ojok, asiyejua. Joska mwenyewe alikuwa amenifungulia njia. Mwaka mzima Ojok alikuwa ameendesha lile gari ili mimi nisichukuliwe, akiamini kwamba sikujua.

"Nilijua," nilisema. "Nilipanda mle kabla yake. Niliona maji, nikaelewa. Aliniuliza, nami nikamwambia hakuna kitu."

Joska aliacha kuvuta uzi. Aliniangalia, wala si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Ungemwambia," aliuliza, "angekwenda?"

"Asingekwenda."

Aliitikia kwa kichwa. Akainuka, akaukunja mkeka, akaingia ndani. Mlango aliufunga polepole, maana mtoto alikuwa amelala.